Uhakiki Huru wa Albamu Mpya za Muziki Mzito: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa ajili ya mtu anayetaka kuhakiki albamu mpya za muziki mzito (heavy metal) akiwa peke yake, bila mhariri juu yake, bila mshahara wa gazeti na bila lebo, yaani kampuni inayotoa muziki, inayomlipa. Msimamo unaoyaongoza ni mmoja: kazi ya kwanza ya mhakiki ni kueleza kinachosikika, kwa usahihi wa kutosha kumwezesha msomaji kuamua mwenyewe kama albamu hiyo inamfaa, hata pale ambapo hakubaliani na hukumu iliyotolewa.

Muziki mzito ni upi hasa?

Ni ukoo wa muziki uliochipuka kutoka kwenye roki ya gitaa la umeme mwishoni mwa miaka ya 1960, na ambao wengi huuhesabu kuanzia albamu ya kwanza ya Black Sabbath, iliyotolewa Uingereza siku ya Ijumaa, tarehe 13 Februari 1970. Mpiga gitaa wa bendi hiyo, Tony Iommi, alikuwa amekatwa ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia na mashine kiwandani, na kwa kuwa yeye hupiga kwa mkono wa kushoto, vidole hivyo ndivyo vinavyobana nyuzi. Alijitengenezea vifuniko vya vidole, akatafuta nyuzi nyembamba zaidi, na kufikia albamu ya tatu ya mwaka 1971 alikuwa amelegeza nyuzi za gitaa kwa nusu toni tatu katika baadhi ya nyimbo. Ule mvumo wa chini uliotokea umekuwa msingi wa mengi yaliyofuata.

Baadaye ukoo huo uligawanyika katika aina ndogo. Miaka ya 1980 ilileta kasi ya thrashi. Mwishoni mwa muongo huo dethi metali ikaja na sauti za kunguruma. Blaki metali ya Norwei ikashika kasi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Na wakati wote huo dumi metali iliendelea kwenda polepole kama ilivyoanza. Leo bendi za muziki huu zinatoka Brazili, Indonesia, Botswana, Japani na kwingineko, na mhakiki anayedhani kwamba habari nzima iko Uingereza, Marekani na Skandinavia atapitwa na albamu nyingi nzuri.

Je, ni lazima nijue kupiga ala?

Si lazima. Unachohitaji ni kutambua kinachofanywa na kila ala na kukitaja kwa jina lake. Mtu asiyewahi kushika gitaa anaweza kabisa kujifunza kutofautisha noti iliyobanwa kwa kiganja, ambayo hukatika mara inapopigwa, na kodi, yaani noti kadhaa zilizopigwa pamoja, iliyoachwa ivume hadi ififie yenyewe. Hata hivyo, kujifunza kidogo jinsi nyuzi zinavyotuniwa na jinsi ngoma zinavyopangwa kutakuepusha na kuandika kwamba mpiga gitaa ana kasi ya ajabu, ilhali kasi unayoisikia inatoka kwenye miguu ya mpiga dramu.

Niisikilize albamu mara ngapi kabla ya kuandika?

Hakuna idadi takatifu, lakini mara moja haitoshi kamwe. Muziki huu umejaa sauti zinazogombea nafasi moja, na sikio linapokutana nazo kwa mara ya kwanza hushika mambo mawili matatu tu, kwa kawaida sauti ya mwimbaji na kasi ya ngoma, kisha likayahesabu mengine yote kuwa kelele. Mambo yanayodumu katika albamu nzuri, kwa mfano jinsi rifu (kifungu kifupi cha gitaa kinachorudiwarudiwa) ya wimbo wa pili inavyorudi ikiwa imegeuzwa katika wimbo wa saba, au jinsi besi inavyoacha kufuata gitaa na kushika njia yake, hujitokeza baada ya kurudia.

Utaratibu ninaoupendekeza ni huu. Usikilizaji wa kwanza uwe mzima, kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kuandika chochote na bila kusoma maelezo ya lebo. Wa pili uwe wa kalamu mkononi, ukiandika dakika na sekunde za kila tukio linalokugusa au kukukera. Halafu acha ipite siku moja au zaidi bila kuigusa albamu hiyo, kwa sababu unachokikumbuka bila kusaidiwa ni ushahidi mzuri: ukijikuta unaimba rifu fulani kimoyomoyo wakati unafanya kazi nyingine, rifu hiyo ina kitu, ukishindwa kukumbuka hata wimbo mmoja, hilo nalo lina maana, ingawa si lazima liwe dosari, kwa kuwa kuna albamu zinazojengwa kwa hali ya hisia inayotanda badala ya rifu. Baada ya hapo sikiliza tena ukiwa na maneno ya nyimbo mbele yako, na mwishowe rudi kwenye sehemu ulizoziwekea alama, uone kama hukumu yako ya awali bado inasimama.

Albamu hiyohiyo ya kwanza ya Black Sabbath inatoa funzo hapa. Wahakiki kadhaa wa wakati huo waliipokea vibaya, lakini ilifika nafasi ya 8 katika chati ya albamu ya Uingereza, na leo hakuna anayeweza kuandika historia ya muziki huu bila kuanza nayo. Sisemi kwamba wanunuzi huwa sahihi siku zote. Ninachosema ni kwamba muziki mpya kwelikweli mara nyingi husikika kama muziki wa zamani uliopigwa vibaya, kwa sababu msikilizaji anaupima kwa vipimo vya jana, na dawa pekee ninayoijua ni kuupa muda.

Nitumie vifaa gani vya kusikilizia?

Tumia vifaa vya sauti vya masikioni vilivyo vizuri kwa kadiri ya uwezo wako, pamoja na spika za kawaida kama unazo, na uepuke kutoa hukumu kwa kutegemea spika ya simu. Sababu ni ya kifizikia. Uzi mnene wa gitaa lililotuniwa kwa kawaida huvuma kwa takriban hezi 82, yaani mitetemo 82 kwa sekunde. Gitaa la nyuzi saba hushuka hadi takriban hezi 62. Na uzi mnene wa besi ya nyuzi nne hufika takriban hezi 41. Spika ndogo ya simu haiwezi kutoa masafa hayo kwa nguvu yoyote ya maana, kwa hiyo anayesikiliza kupitia simu anasikia mkwaruzo wa juu tu, yaani nusu ya muziki, kisha analalamika kwamba albamu haina uzito.

Jambo la pili ni afya ya masikio, na hili naliomba lichukuliwe kwa uzito unaostahili. Taasisi ya usalama kazini ya Marekani, NIOSH, inapendekeza ukomo wa desibeli 85 kwa saa nane, na muda huo unapaswa kupunguzwa kwa nusu kila sauti inapoongezeka kwa desibeli tatu. Kwa desibeli 94, basi, muda unaobaki ni saa moja. Mhakiki hurudia albamu ileile mara nyingi, na madhara ya kelele hujumlishwa. Sauti ya wastani inatosha kabisa kuhakiki. Ongeza kwa wimbo mmoja ukitaka kujua nguvu yake, kisha punguza.

Nielezeje muziki kwa maneno bila kurudia sifa zilezile?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, na ndilo linalotenganisha uhakiki na tangazo. Maneno kama "kali", "nzito", "ya kikatili" na "balaa" hayana kosa lolote yakiwa machache, lakini kila albamu ya muziki huu ni kali kwa namna fulani, kwa hiyo hayamwambii msomaji lolote. Anachohitaji ni kujua ukali huo umetengenezwa kwa nini.

Chukua wimbo wa kwanza kabisa wa albamu ya mwaka 1970 niliyoitaja. Mtu anaweza kusema kwamba unatisha, na msomaji asipate kitu. Lakini mtu anaweza pia kusema kwamba unaanza na mvua, ngurumo na kengele ya mbali kabla ya ala yoyote kusikika. Kwamba bendi inapoingia, rifu yake ina noti tatu tu, ya kwanza ikiwa chini, ya pili ikiwa noti hiyohiyo oktavu moja juu, na ya tatu ikiwa ile noti iliyo katikati kabisa ya oktavu, umbali ambao sikio huusikia kama swali lisilojibiwa. Kwamba noti hiyo ya tatu hutetemeshwa kwa kidole na kuachwa ining'inie. Na kwamba karibu na mwisho mwendo unabadilika ghafla na kuwa wa kukimbia. Maelezo hayo hayana sifa hata moja, lakini msomaji ameshajua kwa nini watu waliogopa, na huenda ameshaamua kama anataka kuusikia.

Fanya vivyo hivyo kwa mdundo. Ukisema kwamba bendi kama Meshuggah ya Uswidi ina midundo migumu, umesema kile ambacho kila mtu amesema. Ukieleza kwamba gitaa na ngoma ya mguu hurudia mzunguko wenye hesabu isiyo ya kawaida, wakati toazi linaendelea kuhesabu nne kwa utulivu juu yake, hivi kwamba pande hizo mbili huachana na kukutana tena baada ya muda, msomaji anapata kitu cha kukishika, na anapousikiliza wimbo atautafuta mkutano huo.

Mimi hujiuliza maswali machache kila ninapokwama. Nani anaongoza wimbo huu, gitaa au ngoma? Kasi inabadilika wapi, na mabadiliko hayo yanatayarishwa au yanashtukiza? Besi inasikika kama ala au kama kivuli? Kuna mahali palipoachwa kimya? Wimbo unaishaje: kwa kukatika, kwa kufifia, au kwa kurudia hadi uchoke? Majibu ya maswali hayo, yakiandikwa kwa sentensi za kawaida, huwa tayari ni nusu ya uhakiki.

Nizungumzieje ubora wa kurekodi?

Uzungumzie kama sehemu ya muziki, kwa kuwa katika muziki mzito studio ni ala. Mfano ulio wazi ni dethi metali ya Uswidi: katika studio ya Sunlight mjini Stockholm, mtayarishaji Tomas Skogsberg na bendi kama Entombed, ambao albamu yao ya kwanza ilitoka mwaka 1990, walitumia pedali ya Boss HM-2, kifaa cha kukanyaga kinachokwaruzisha sauti ya gitaa, ikiwa imefunguliwa hadi mwisho, na mkwaruzo uliotokea, unaofanana na msumeno wa mashine, umeigwa na bendi nyingi mpaka leo. Mhakiki anayeutambua mkwaruzo huo katika albamu mpya anaweza kueleza bendi imechota wapi na kama imeongeza chochote chake.

Kabla hujaandika kwamba albamu imerekodiwa vibaya, jiulize kama ubovu huo umekusudiwa. Darkthrone wa Norwei walirekodi albamu yao ya kwanza, ya mwaka 1991, katika studio hiyohiyo ya Sunlight, ikiwa na sauti iliyojaa na safi kwa viwango vya aina yake. Mwaka uliofuata wakatoa albamu yenye sauti nyembamba, baridi na yenye kukwaruza. Walikuwa wameonyesha tayari kwamba wanaweza kurekodi kwa namna nyingine, kwa hiyo ukali wa albamu ya pili ni uamuzi wa kisanii, na unapaswa kuhukumiwa kama uamuzi: umesaidia nyimbo au umezifunika?

Kuna pia dosari ambazo hakuna nia njema inayozitetea. Albamu ya Metallica ya mwaka 1988 ilikuwa ya kwanza ya urefu kamili kumshirikisha Jason Newsted, aliyeshika besi baada ya kifo cha Cliff Burton mwaka 1986, lakini besi hiyo karibu haisikiki, na mashabiki wanaijadili mpaka leo. Albamu yao ya mwaka 2008 ilikandamizwa sauti, yaani tofauti kati ya sauti ndogo na kubwa ilipunguzwa ili yote isikike kwa nguvu, kiasi kwamba mawimbi yanapasuka kwenye vilele, na wasikilizaji wakagundua kwamba nyimbo zilezile zilipumua vizuri zaidi katika mchezo wa video wa Guitar Hero, ambako hazikupitia ukandamizaji uleule. Ukisikia albamu ambayo kila kitu kiko juu wakati wote, na masikio yanachoka kabla ya wimbo wa nne ingawa sauti si kubwa, huenda umekutana na tatizo hilo. Litaje kwa jina, na utaje wimbo na dakika. Kumbuka pia kwamba huduma nyingi za kusikiliza mtandaoni husawazisha ukubwa wa sauti, kwa hiyo albamu iliyokandamizwa haipati faida yoyote huko. Kinachobaki ni ubapa wake.

Nifanyeje kuhusu maneno nisiyoyaelewa kwa sababu ya kunguruma au kupiga mayowe?

Tafuta maneno rasmi. Bendi nyingi huyaweka kwenye kijitabu cha albamu au kwenye ukurasa wanakouzia muziki, na lebo huyatuma pamoja na nakala ya kuhakiki ukiomba. Usikisie. Ukinukuu, nukuu mstari mmoja au miwili, kwa kuwa maneno ya nyimbo yana haki miliki.

Usisahau kwamba sauti ya namna hiyo ni ala yenyewe. Kuna anayeguna kutoka chini ya kifua, kuna anayepiga kelele kavu za juu, na kuna anayehama kati ya hizo mbili ndani ya mstari mmoja. Sikiliza kama silabi zinakaa juu ya mdundo au zinauvuta, na kama mwimbaji anabadilika wimbo unapobadilika. Mwimbaji anayenguruma kwa namna moja kwa dakika arobaini ana upungufu uleule wa mwimbaji wa kawaida anayeimba kila wimbo kwa hisia moja.

Nitoe alama?

Ukipenda. Alama humsaidia msomaji mwenye haraka, na humdhuru mwenye nia ya kusoma, kwa sababu ataruka maandishi. Ukiamua kuzitumia, eleza mahali pamoja kila kiwango kinamaanisha nini na ukitumie chote. Anayempa kila mtu nane kwa kumi hajahakiki kitu.

Nilinganishe na bendi nyingine?

Linganisha kwa kiasi, na kila mara useme ni kipi kinachofanana. Kuandika kwamba bendi mpya "inafanana na Slayer" hakutoshi, kwa kuwa Slayer wenyewe walikuwa na sura zaidi ya moja: albamu yao ya mwaka 1986 inamalizika ndani ya nusu saa na karibu yote ni mbio, ilhali iliyofuata mwaka 1988 ilipunguza mwendo kwa makusudi. Sema basi kama kinachofanana ni kasi, ni namna magitaa mawili yanavyopokezana, au ni mwimbaji. Chagua pia mifano ambayo msomaji mgeni anaweza kuipata na kuisikiliza, usije ukamwonyesha tu upana wa maktaba yako.

Urefu wa albamu ni kigezo?

Ni kigezo pale tu unapopimwa dhidi ya kusudi. Napalm Death walirekodi wimbo wa sekunde moja na nukta kadhaa katika albamu yao ya mwaka 1987, na kundi la Sleep lina albamu yenye wimbo mmoja tu unaozidi saa nzima. Yote mawili yana mantiki yake. Kinachostahili kukosolewa ni albamu ya dakika sabini yenye mawazo ya dakika thelathini na tano, na katika hali hiyo mhakiki mwema hutaja nyimbo ambazo angeziondoa.

Nihakiki aina ndogo nisizozipenda?

Unaweza, mradi uwe umezisikiliza vya kutosha kujua wapenzi wake wanatafuta nini. Mtu asiyevumilia mwendo wa polepole anapoisema albamu ya dumi metali kwamba inakwenda polepole, hajasema kitu. Kama huwezi kutaja albamu tano unazoziheshimu katika aina hiyo, ni vyema kumwachia mwingine.

Nakala za mapema hupatikanaje, na zina masharti gani?

Lebo na mawakala wa matangazo hutuma nakala za kuhakiki wiki kadhaa kabla ya albamu kutoka, kwa kawaida kupitia kiungo cha kusikiliza au kupakua. Ukianza, huna haja ya kuzisubiri. Hakiki albamu zilizokwisha kutoka, andika vizuri, kisha waandikie lebo ndogo na bendi zenyewe ukiwapa mifano miwili mitatu ya kazi yako pamoja na maelezo mafupi ya aina unazozifuatilia. Bendi zinazotoa albamu zao zenyewe bila lebo hujibu haraka zaidi, na mara nyingi ndizo zinazohitaji uhakiki kuliko wote.

Masharti ni mepesi lakini hayana mjadala. Usimpe mtu yeyote faili wala kiungo. Nakala nyingi huwekewa alama ya siri inayoonyesha zilikotoka, na hata zisingewekewa, kuvujisha kazi ya mtu ni kumwibia. Heshimu tarehe ya kuruhusiwa kuchapisha. Kupokea nakala hakukulazimishi kusifu, wala hakukulazimishi kuandika, ingawa ni ustaarabu kumjulisha aliyekutumia kwamba hutaandika. Na kama nakala uliyopewa ni ya ubora wa chini, usihukumu kurekodi kwake kabla ya kusikia toleo lililotoka.

Nitalindaje uhuru wangu?

Tabia chache zinatosha, zikifuatwa bila kubagua. Usipokee pesa kutoka kwa bendi au lebo kwa ajili ya uhakiki, hata kama anayelipa anasema kwamba hajali utaandika nini, kwa sababu msomaji hana njia ya kulithibitisha hilo. Ukipewa sahani ya santuri, fulana au tiketi, sema hivyo ndani ya uhakiki. Usihakiki albamu ya rafiki. Unaweza kumhoji au kutangaza kwamba albamu yake imetoka, lakini hukumu mwachie mwingine. Usimtumie msanii maandishi yako ayapitie kabla ya kuchapisha, isipokuwa kumuuliza jambo la ukweli kama vile nani alipiga besi au wapi palirekodiwa.

Shinikizo gumu zaidi halitoki kwa lebo. Linatoka kwenye upendo. Muziki huu una jamii ndogo na ya karibu, watu wake wanafahamiana, na kila mmoja anatamani usitawi. Ni rahisi kujishawishi kwamba kusifu kila kitu ni kuusaidia. Mimi naamini kinyume chake. Msomaji aliyenunua albamu dhaifu kwa neno lako hatanunua nzuri utakayoisifu mwezi ujao, na atakayeumia ni bendi iliyofanya kazi yake vizuri.

Niandikeje kuhusu albamu mbovu?

Kwa uangalifu uleule unaoutumia kwa albamu nzuri. Ikosoe kazi, usimkosee heshima mtu. Taja mahali: badala ya kusema kwamba utunzi ni wa ovyo, sema kwamba nyimbo nne kati ya tisa zinaanza kwa gitaa lisilo na mkwaruzo na zote zinaingia kwa kishindo baada ya muda uleule, hivyo kishindo cha nne hakishtui tena. Msanii anayesoma maneno hayo anaweza kukasirika, lakini amepata kitu cha kufanyia kazi.

Uzito wa ukosoaji uendane pia na ukubwa wa anayekosolewa. Bendi yenye umaarufu wa dunia, studio ya gharama na mtayarishaji mwenye jina inaweza kubeba maneno makali. Bendi iliyorekodi chumbani kwa pesa yake mwenyewe, ikiwa albamu yake haina lolote la kuwavutia wasikilizaji, mara nyingi ni bora kuiacha bila uhakiki kuliko kuwaita watu waje kuitazama ikianguka. Kama una nafasi ya kuandika juu ya albamu chache tu, itumie kwa zile zenye jambo.

Nifanyeje kuhusu wasanii wenye matendo au itikadi za kudhuru watu?

Usijifanye hujui. Historia ya blaki metali ya Norwei ina uchomaji wa makanisa ulioanza mwaka 1992 na mauaji ya mpiga gitaa wa Mayhem mwaka 1993, ambayo mwanamuziki mwenzake alihukumiwa kwayo mwaka 1994, na ndani ya muziki huu wapo mpaka leo wanaoeneza chuki ya rangi. Kabla ya kuhakiki bendi usiyoifahamu, soma maneno yake ya nyimbo, tazama alama zilizo kwenye jalada na ujue lebo yake inatoa nini kingine. Mimi sihakiki bendi zinazohubiri chuki ya aina hiyo, kwa sababu uhakiki, hata ulio mkali, ni tangazo.

Kwa upande mwingine, usichanganye picha za kutisha na nia ya kutenda. Mauti, mashetani, vita na damu ni lugha ya kawaida ya muziki huu tangu mwanzo wake, na mara nyingi hutumika kuzungumzia hofu, msiba na ukandamizaji. Tuhuma zisizothibitishwa ziandikwe kama tuhuma, au zisiandikwe kabisa.

Niandike juu ya albamu ngapi kwa wiki?

Chache kuliko unavyotamani. Tangu Julai 2015 Ijumaa imekuwa siku ya kimataifa ya kutoa muziki mpya, na kila Ijumaa albamu za muziki mzito hutoka kwa wingi usioweza kumalizwa na mtu mmoja. Uhakiki mmoja uliofikiriwa una faida kuliko aya nane za haraka. Wala huna sababu ya kushindana kuwa wa kwanza, kwa kuwa albamu ya mwezi jana bado ni mpya kwa mtu ambaye hajaisikia.

Nikibadili mawazo baada ya miezi kadhaa?

Andika nyongeza yenye tarehe chini ya uhakiki wa awali, ukieleza nini kimebadilika: umesikia nini ambacho hukukisikia, au nini kimechuja. Usifute hukumu ya kwanza wala kuirekebisha kimyakimya. Wasomaji wanapenda kuona mawazo ya mhakiki yakisogea, na bendi inastahili kujua kwamba kazi yake iliendelea kusikilizwa.

Bendi au lebo ikiniomba nifute uhakiki?

Tenganisha ukweli na maoni. Kama umekosea jina, mwaka, mpigaji au studio, sahihisha siku hiyohiyo na uweke wazi kwamba umesahihisha. Kama wanachokipinga ni maoni yako, wajibu kwa adabu kwamba maoni yatabaki, na uwape nafasi ya kutuma jibu lao fupi ambalo utalichapisha chini yake. Wakikutishia kutokutumia nakala tena, kubali. Utaisikiliza albamu yao inayofuata siku itakapotoka, pamoja na kila mtu. Vitisho vya aina nyingine visijibiwe kwa hasira: hifadhi ujumbe wote pamoja na tarehe zake, na umwonyeshe mtu anayejua sheria kabla ya kuandika neno lolote.